Jibu la Momenta Limekataa? Anza na Dalili

Maswali ya uhifadhi wa momenta yana uzuri wake: jibu likitoka vibaya, ubaya wenyewe huonyesha kosa lilipo. Jibu lililozidi mara mia lina chanzo chake, lililogeuka alama lina chake, na lile linalokaribia la kitabuni bila kulifikia lina chake pia. Kwa hiyo usikimbilie kufuta kazi yote na kuanza upya. Kaa na hilo jibu baya dakika mbili, ulichunguze limetoka wapi.

Kanuni yenyewe ni fupi. Momenta ya kitu ni tungamo lake mara mwendokasi wake, na mwendokasi hapa huja pamoja na uelekeo wake. Vitu vikigongana, vikisukumana au vikiachana kwa mlipuko, jumla ya momenta yao inabaki ileile, mradi hakuna kani ya kutoka nje inayoingilia kwa kiasi cha maana katika muda huo. Kwa vitu viwili tunaandika:

m₁u₁ + m₂u₂ = m₁v₁ + m₂v₂

m ni tungamo, u ni mwendokasi wa kabla, v ni wa baada. Aljebra ya mstari huu ni nyepesi, na kwa ninavyoona mimi, si hapo watu wanapoangukia. Huanguka kabla hata ya kuuandika: hawajaamua ni vitu gani vinavyohesabiwa, ni upande upi ulio chanya, na hiyo "kabla" na "baada" ni lini hasa. Karibu kila dalili iliyo hapa chini inarudi kwenye moja ya hayo matatu. Katika mifano nimechukua g, yaani mchapuko wa uvutano, kuwa 10 m/s².

Jibu limezidi mno

Risasi ya gramu 10 inakwenda kwa 400 m/s, inaingia kwenye gogo la kilo 1.99 lililotulia na kubaki humo. Unakokotoa na kupata kwamba gogo limeondoka kwa karibu 334 m/s. Simama hapo hapo. Sauti hewani inakwenda kwa takriban 340 m/s, na gogo la kilo mbili halitakaribia mwendo huo kwa kupigwa risasi moja ya bunduki. Kilichotokea ni kwamba gramu 10 zimeingia kwenye mlinganyo kama 10, zikakaa pamoja na kilo 1.99 kana kwamba ni ndugu. Geuza kwanza: 0.01 × 400 = 4, gawa kwa 2.00, gogo linaondoka kwa 2 m/s.

Ndugu wa kosa hili ni kilometa kwa saa. 72 km kwa saa ni 20 m/s, kwa sababu unagawa kwa 3.6. Anayezidisha badala ya kugawa hupata 259, na gari la kwenye swali linakuwa na mwendo wa ndege.

Kuna jambo ambalo halisemwi sana darasani. Kwenye mlinganyo wa momenta peke yake, si lazima ugeuze chochote, mradi matungamo yote yako kwenye kizio kimoja na mwendokasi wote kwenye kizio kimoja. Weka tani na kilometa kwa saa kila mahali, jibu litatoka kwenye kilometa kwa saa na litakuwa sahihi. Kinachoharibu ni kuchanganya. Lakini swali likidai pia nishati, kani au umbali, njia hiyo ya mkato inakufa. Kwenye mtihani geuza tu, uwe na amani.

Vimegongana uso kwa uso, na hakuna kilichopungua

Behewa la tani 20 linakwenda kulia kwa 3 m/s. Behewa la tani 10 linakuja kutoka upande wa pili, nalo kwa 3 m/s. Yanagongana, yanashikana na kuondoka pamoja. Kwenye daftari kumeandikwa: 20 × 3 + 10 × 3 = 90, gawa kwa 30, jibu 3 m/s.

Lisome jibu hilo taratibu. Mabehewa mawili yamekutana ana kwa ana, na lile kubwa limeendelea na mwendo wake uleule kana kwamba halikuguswa. Hesabu za kuzidisha na kugawa ziko safi kabisa; kilichokosekana ni alama ya hasi. Behewa la pili linakwenda kushoto, kwa hiyo mwendokasi wake ni −3: 20 × 3 + 10 × (−3) = 30, gawa kwa 30, yanaondoka kwa 1 m/s kuelekea kulia.

Vitu vinaposhikana, kuna kipimo ambacho hakihitaji kalkuleta. Mwendokasi wa pamoja lazima uangukie katikati ya ule wa kitu cha kwanza na ule wa kitu cha pili, alama zikiwemo, tena uegemee upande wa kile kizito. Hapa ni kati ya −3 na +3. Jibu la 3 liko mpakani, kwa hiyo limekataliwa kabla hujaangalia kazi yenyewe. Jibu la 4 lingekataliwa vivyo hivyo. Jibu la 1 liko ndani, na linaegemea upande ambao behewa la tani 20 lilikuwa likienda.

Aliyeingia mkenge huu ana wenzake wakubwa. René Descartes, Mfaransa, alipotoa kanuni zake saba za migongano mwaka 1644, alihesabu ukubwa wa kitu mara kasi yake bila kujali uelekeo, na nyingi ya kanuni hizo zikapingana na kinachoonekana mezani. Mwaka 1668 Royal Society ya London, chama cha wanasayansi, iliwaomba wataalamu walitazame upya suala hilo. John Wallis akaeleza vitu visivyodunda, Christopher Wren na Christiaan Huygens wakaeleza vinavyodunda, na wote watatu walikuwa wameupa uelekeo nafasi yake.

Dawa ni mshale. Chora vitu viwili, weka mshale wa kila kimoja, kisha andika juu ya ukurasa "kulia ni chanya" kabla ya namba yoyote. Usibadili mawazo katikati ya kazi. Na kama mwalimu wako aliwahi kuwaandikia m₁u₁ − m₂u₂ kwa vitu vinavyokutana, isahau fomula hiyo. Ile alama ya kutoa tayari imebeba uelekeo, na ukiingiza −3 ndani yake utakuwa umetoa mara mbili, urudi kulekule kwenye 90.

Jibu limetoka hasi

Huenda halina tatizo lolote. Hasi inasema kitu kinakwenda upande ulio kinyume na ule uliouita chanya, basi. Usiifute kimyakimya. Swali likiuliza kasi tu, andika ukubwa wake, likiuliza mwendokasi, andika ukubwa na upande: "1.4 m/s kuelekea nyuma". Hasi inayotia shaka ni ile ya tungamo au ya nishati mwendo. Hizo zikitoka hasi, umekosea kuhamisha kitu kuvuka alama ya sawasawa.

Kila kitu kilikuwa kimetulia, sasa upande wa kushoto niandike nini?

Andika sifuri. Bunduki ya kilo 4 inafyatua risasi ya gramu 8 kwa 700 m/s. Kabla ya kufyatua jumla ya momenta ni sifuri, na baada ya kufyatua lazima ibaki sifuri: 0 = 0.008 × 700 + 4v, kwa hiyo v = −1.4 m/s. Ile hasi ndiyo teke la begani.

Ukipata +1.4, yaani bunduki imeruka mbele pamoja na risasi yake, umeandika momenta ya risasi upande wa kushoto na ya bunduki upande wa kulia. Umefanya risasi iwe "kabla" na bunduki iwe "baada", wakati zote mbili ni "baada". Kosa la pili ni la mawazo zaidi: mtu anaona sifuri na kuamua hakuna kinachosogea. Sifuri ni ya jumla. Risasi ina 5.6 kwenda mbele, bunduki ina 5.6 kwenda nyuma, na hesabu imefungwa. Kwenye bunduki halisi gesi za baruti nazo hutoka mbele, kwa hiyo teke huwa kubwa kuliko hesabu hii inavyosema. Maswali ya sekondari huziacha gesi hizo nje.

Nimepata 1.5, kitabu kinasema 1

Mtu wa kilo 60 amesimama kwenye mtumbwi wa kilo 120 uliotulia karibu na gati. Anaruka kwenda gatini kwa 3 m/s. Mtumbwi unarudi nyuma kwa kasi gani?

Wengi huandika 60 × 3 + 120v = 0 na kupata v = −1.5 m/s. Ni sahihi, kama hiyo 3 m/s imepimwa na mtu aliyesimama gatini. Lakini soma swali tena. Likisema anaruka kwa 3 m/s "kwa kulinganisha na mtumbwi", mambo yanabadilika, kwa sababu mtumbwi nao unakimbia nyuma wakati uleule. Tuseme aliyeko gatini anamwona mrukaji anakuja kwa u na mtumbwi unakwenda kwa v. Tofauti yao ndiyo 3:

u − v = 3
60u + 120v = 0

Mlinganyo wa pili unatoa u = −2v. Ukiweka kwenye wa kwanza, −3v = 3, kwa hiyo v = −1 m/s na u = 2 m/s. Aliyeko gatini anamwona jamaa anakuja kwa 2 m/s, si kwa 3. Anayeruka kutoka mtumbwini kwa nguvu zilezile anazotumia nchi kavu hufika pungufu ya alivyokusudia, na sababu ndiyo hii.

Kanuni haitaki mwendokasi mmoja upimwe kutoka gatini na mwingine kutoka mtumbwini. Chagua mtazamaji mmoja, kwa kawaida aliyesimama ardhini, na kila namba uipitishe kwenye macho yake. Ukiona jibu lako na la kitabu yanafanana sura lakini hayalingani, tafuta kwenye swali maneno kama "kwa kulinganisha na".

Mkokoteni umeongeza kasi baada ya kupakiwa

Mkokoteni wa kilo 100 unajiviringisha kwenye sakafu tambarare kwa 2 m/s. Gunia la kilo 100 linaachiwa liangukie ndani yake kutoka kimo cha mita 0.8. Mwanafunzi hodari anakokotoa kasi ya gunia linapofika chini, √(2 × 10 × 0.8) = 4 m/s, na hapo hajakosea. Kisha anaandika (100 × 2 + 100 × 4) ÷ 200 = 3 m/s. Mkokoteni umeongezewa gunia la mahindi, na sasa unakwenda haraka zaidi. Mchukuzi yeyote wa sokoni atakucheka.

Gunia linakwenda chini, mkokoteni unakwenda mbele. Kwa upande wa mbele gunia lina sifuri. Kwa hiyo 100 × 2 + 100 × 0 = 200, gawa kwa 200, mkokoteni uliopakiwa unakwenda kwa 1 m/s. Na ile 400 ya kwenda chini imeenda wapi? Sakafu imeyasukuma magurudumu kwenda juu na kuimaliza. Sakafu ni kani ya nje, kwa hiyo momenta ya wima ya mkokoteni na gunia haikuhifadhiwa, wakati ile ya mlalo imehifadhiwa bila shida. Kanuni hufanya kazi kila mhimili kivyake. Unaweza kuitumia kwenye mmoja na kuiacha kwenye mwingine katika tukio lilelile. Kimo cha mita 0.8 kimewekwa makusudi kukutega. Si kila namba iliyomo kwenye swali imeletwa itumike.

Swali hili lina pacha wake mjanja. Mkokoteni umejaa mchanga, una tundu chini, na mchanga unavuja njiani. Kasi inaongezeka? Karibu darasa zima litasema ndiyo: tungamo limepungua, momenta imehifadhiwa, basi kasi lazima ipande. Haipandi. Kila punje inayotoka ilikuwa ikienda mbele kwa 2 m/s, na inapotoka inaondoka na fungu lake la momenta. Mkokoteni hausukumwi mbele wala nyuma, unabaki kwenye 2 m/s. Anayepata kasi kubwa ameuhesabu mchanga upande wa "kabla" na kuusahau upande wa "baada". Orodha ya vitu lazima iwe ileile pande zote mbili za mlinganyo.

Gogo limepanda mita 40

Turudi kwenye risasi ya gramu 10 na gogo lake, safari hii gogo limening'inizwa kwa kamba. Swali: baada ya kupigwa linapanda kimo gani? Hapa ndipo ninapoona karatasi nyingi zikiharibika, hata za wanafunzi wanaopata alama za juu kwingine.

Kazi mbovu huwa hivi. Nishati mwendo ya risasi ni ½ × 0.01 × 400² = jouli 800. Nishati haipotei. Kwa hiyo 2 × 10 × h = 800, na h = mita 40. Risasi moja imelirusha gogo la kilo mbili juu kuliko jengo la ghorofa kumi.

Tukio hili ni mawili. La kwanza ni mgongano, unaochukua muda mfupi mno: risasi inachimba mbao hadi inasimama. Humo momenta inahifadhiwa, na tulishapata 2 m/s. Nishati mwendo haihifadhiwi, maana nyuzi za mbao zinachanika na kupata joto. La pili ni kupanda kwa gogo likiwa na risasi tumboni. Hapo hakuna kinachochanika, nishati mwendo inageuka kuwa ya kimo, na h = v² ÷ 2g = 4 ÷ 20 = mita 0.2. Sentimita 20. Momenta nayo katika hatua hii haihifadhiwi tena, kwa sababu uvutano na kamba vinalivuta gogo kutoka nje hadi linasimama juu kabisa.

Piga hesabu ya kilichopotea, uone kwa macho. Baada ya mgongano nishati mwendo ni ½ × 2 × 2² = jouli 4. Kati ya jouli 800, 796 zimekwisha ndani ya mbao. Imebaki asilimia 0.5 tu, na asilimia hiyo ni sawa na tungamo la risasi ukiligawa kwa tungamo la vyote viwili, 0.01 ÷ 2. Itakuwa hivyo kila mara kitu kimoja kinapokwama ndani ya kingine kilichokuwa kimetulia, kwa hiyo unaweza kuitumia kukagua kazi yako.

Mwingereza Benjamin Robins aliieleza njia hii mwaka 1742 kwa ajili ya kupima mwendokasi wa risasi, jambo ambalo hakuna saa ya wakati huo ingeliweza. Yeye alianzia mwisho: amepima gogo limesogea kiasi gani, akapata mwendokasi wake mara baada ya kupigwa, kisha kwa momenta akapata wa risasi. Mtihani ukikuuliza kinyumenyume, njia ni hiyo hiyo. Kimo kwa nishati, mgongano kwa momenta, na kati ya hatua hizo mbili weka mstari kwenye karatasi ili visichanganyike.

Visivyojulikana viwili, mlinganyo mmoja

Umeandika kila kitu sawasawa, umebaki na v₁ na v₂, na huna pa kwenda. Taarifa inayokosekana imejificha kwenye neno moja la swali. "Vikashikana", "vikaungana", "ikabaki ndani" yana maana kwamba v₁ na v₂ ni kitu kimoja. "Mgongano nyumbufu" maana yake nishati mwendo nayo imehifadhiwa. Au umepewa mwendokasi wa kimoja baada ya mgongano kwenye sentensi ya mwisho, ambayo hukuifikia.

Kwa mgongano nyumbufu ulio kwenye mstari mmoja, usijitese na vipeo vya pili. Kuna mlinganyo mwepesi unaotoa matokeo yaleyale: kasi ya kukaribiana ni sawa na kasi ya kuachana, u₁ − u₂ = v₂ − v₁. Mfano: tufe la kilo 2 linakwenda kwa 6 m/s, linagonga la kilo 1 lililotulia. Momenta: 2v₁ + v₂ = 12. Kuachana: v₂ − v₁ = 6. Toa, unapata v₁ = 2 na v₂ = 8.

Hapa huja dalili ya uongo. Mwanafunzi anaona lililogongwa linakwenda kwa 8 m/s wakati lililogonga lilikuja kwa 6, anaogopa, anafuta jibu sahihi. Kitu chepesi kilichotulia kinaweza kuondoka haraka kuliko kilichokigonga, hadi kukaribia mara mbili ya mwendo huo. 8 iko chini ya 12, ipo salama. Kagua nishati: kabla ni ½ × 2 × 36 = jouli 36, baada ni 4 + 32 = 36.

Waliopita njia ya vipeo vya pili hupata majibu mawili, na wengine huchagua v₁ = 6, v₂ = 0. Hilo ni tukio kabla ya kugongana. Mlinganyo umelirudisha kwa sababu nalo linatimiza masharti yote. Litupe.

Jibu jingine linalojitokeza sana ni v₁ = 0, v₂ = 12. Momenta imelingana, 12 kwa 12, na ndiyo maana linadanganya. Nishati baada ya mgongano ni jouli 72, mara mbili ya iliyokuwepo, na hakuna baruti wala springi iliyotajwa. Chanzo chake ni meza ya pool: mpira mmoja unapiga mwingine katikati, wa kwanza unasimama, wa pili unaondoka na kila kitu. Hilo hutokea kwa sababu mipira ile ina tungamo sawa. Kizito kikigonga chepesi kilichotulia, hakisimami wala hakirudi nyuma. Kinapunguza mwendo na kuendelea mbele.

Mpira umegonga ukuta, na momenta imepotea

Mpira wa kilo 0.2 unakwenda ukutani kwa 10 m/s, unarudi kwa 8 m/s. Mabadiliko ya momenta si 0.2 × 2 = 0.4. Mpira umegeuka, kwa hiyo ni 0.2 × (−8 − 10) = −3.6. Kama umegusana na ukuta kwa sekunde 0.02, kani ya wastani ni nyutoni 180. Anayepata 20 amesahau kugeuza alama, yaani amerudi kwenye ugonjwa wa mabehewa.

Na momenta haijapotea. Ukuta umeshikamana na ardhi, na dunia yenye tungamo la takriban kilo 6 × 10²⁴ imeichukua ile 3.6 bila kusogea kwa kiasi chochote kinachopimika. Ndiyo maana maswali ya ukuta na sakafu huulizwa kwa njia ya kani na muda. Ukijaribu kuandika momenta ya kabla na ya baada ya mpira peke yake na kuzisawazisha, utakwama.

Magari yamegongana kwenye makutano ya barabara

Gari la kilo 1,000 linakwenda mashariki kwa 20 m/s, pikapu ya kilo 2,000 inakwenda kaskazini kwa 7.5 m/s. Yanagongana na kushikana. Kujumlisha moja kwa moja, 20,000 na 15,000, kunatoa 35,000, gawa kwa 3,000, yaani 11.7 m/s. Swali la kujiuliza ni dogo tu: 11.7 kuelekea wapi? Kama jibu lako halina upande wa kwenda, umejumlisha vitu visivyojumlishika.

Mashariki ni 20,000, kaskazini ni 15,000, na zote zinabaki hivyo baada ya mgongano. Kwa Pythagoras jumla ni 25,000, gawa kwa 3,000, takriban 8.3 m/s. Pembe ina tanjiti ya 15 kwa 20, yaani karibu nyuzi 37 kutoka mashariki kuelekea kaskazini.

Wengine hubisha: matairi yanasuguana na lami, si hiyo ni kani ya nje? Ni kani ya nje kweli, tena kubwa. Chukua kizigeu cha msuguano kuwa 0.7: 0.7 × 3,000 × 10 ni nyutoni 21,000. Lakini mgongano wenyewe ukichukua sekunde 0.1, msuguano unaondoa momenta ya 2,100 hivi kati ya 25,000, chini ya sehemu moja ya kumi. Tunaipuuza kwa wakati huo tu. Baada ya hapo magari yakiburuzika, msuguano ndio unaotawala: umbali ni v² ÷ (2 × 0.7 × 10), kama mita 5, kisha kimya. Aliyepata momenta ya sifuri "baada" amepima baada ya kuburuzika. "Baada" ya momenta ni papo hapo chuma kinapoacha kujikunja.

Kwenye karatasi imekubali, maabara imekataa

Vigari viwili vya kilo 1, kimoja kinasukumwa, kinagonga kingine na kushikana. Kifaa cha kugonga nukta kwenye mkanda wa karatasi unaovutwa na kigari kinatoa nukta 50 kwa sekunde, kwa hiyo nafasi kumi kati ya nukta ni sekunde 0.2. Kabla ya mgongano nafasi kumi zina urefu wa sentimita 12: 0.60 m/s, momenta 0.60. Baada, ungetarajia sentimita 6. Umepata 5.2, momenta 0.52.

Usiandike "makosa ya binadamu" kwenye ripoti. Pima nafasi kumi nyingine mbele zaidi kwenye mkanda. Zikiwa fupi zaidi, msuguano unaendelea kula, na inabidi uinue ncha moja ya ubao hadi kigari kilichosukumwa kidogo kiache nukta zenye nafasi sawa mwanzo hadi mwisho. Zikibaki 5.2 zilezile, msuguano hauhusiki. Weka vigari kwenye mizani, mara nyingi kimoja kina plastisini au uzani wa ziada ambao hukuuhesabu. Na momenta ya baada ikizidi ya kabla, angalia kama umepima sehemu ya kabla wakati mkono bado ulikuwa ukisukuma. Kama sivyo, ubao umeinuliwa kupita kiasi: punguza kitabu kimoja chini yake, ujaribu tena.